Paji la Uso Lililofukuza Wateja

Fundi Kanyaga alivaa kiatu namba arobaini na nne, na hakuna siku aliyomwomba mtu radhi kwa hilo. Alipofika miaka kumi na mitatu miguu yake ilitangulia kukua, mwili ukabaki nyuma miaka miwili ukijikongoja kuifuata. Shuleni alivaa viatu vya mjomba wake, vyeusi, vya ngozi ngumu, vilivyolia sakafuni kama mlango usiotiwa mafuta. Wenzake wakambandika jina la Kanyaga. Walidhani limemchoma. Yeye aliliokota, akalipiga msasa, akalivaa, na miaka mingi baadaye alipofungua karakana yake ndilo alilolipaka kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha mlangoni.

Kazi yenyewe aliipata kwa ubishi. Alikwenda kwa fundi mmoja mzee kutafuta viatu vya kike vya kumtosha, avae kwenye harusi ya shangazi yake. Mzee akaitazama miguu, akautazama ule mguu wa mbao anaoundia viatu, kisha akasema, "Binti yangu, huu hautoshi. Labda nikate mlango."

Kanyaga akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akamwambia, "Basi ukate. Mimi nitashika upande wa pili."

Siku hiyo alishika mlango kwelikweli, wiki iliyofuata akashika nyundo, na hakurudi nyuma tena. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, mume mwalimu wa hesabu asiye na maneno mengi, na chumba kimoja cha kazi kilichotazamana na uwanja wa gereji. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyochubuka, makopo ya gundi, uzi uliopakwa nta, shazia za kutobolea ngozi, na rafu ya miguu ya mbao iliyopangwa kwa ukubwa. Mdogo kuliko yote ulikuwa namba arobaini na moja. Mwenye mguu mdogo zaidi ya hapo alishauriwa aende madukani, huko atapata wenzake.

Wateja wake walikuwa wanawake, na waliingia mle ndani kama watu wanaofuata mali ya wizi. Wengine walivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mmoja alisimama mbele ya jozi nyekundu yenye visigino virefu, akasema kwa sauti ya chini, "Namnunulia kaka yangu."

"Ana bahati kaka yako," Kanyaga akajibu bila kutabasamu. "Mwambie akae hapo kitini nimpime."

Yule mwanamke akatazama nyuma, akaona hakuna mtu, akakaa.

Kwa watu wa namna hiyo, duka la mtandaoni lilikuwa kama limeshonwa kwa kipimo chao. Mtu anachagua akiwa kitandani, hakuna muuzaji wa kupaza sauti mbele ya watu, "Leteni kikubwa zaidi, hiki kimekwama!" Kanyaga aliliwaza jambo hilo mwaka mzima. Kosa lake lilikuwa kuliwaza kwa sauti siku moja mbele ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake, watu walimwita Injinia. Hakuwa injinia. Alitengeneza mashine za kuchapisha za maofisini, na alitembea na kalamu tatu mfukoni mwa shati, ya nne akaiweka sikioni. Alikuwa amesoma kozi ya miezi mitatu ya kutengeneza tovuti, na cheti chake kilitundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa.

"Hiyo niachie mimi," alisema. "Hii ni kazi ya familia, shemeji. Sitaki hata shukrani."

Mtu akisema hataki shukrani, mwandalie gunia. Injinia aliifanya kazi hiyo mwezi na nusu, na siku ya kuionyesha aliwaalika wote nyumbani kwake, akaweka kompyuta juu ya meza na kitambaa juu ya kompyuta. Alipokiondoa kitambaa, duka likafunguka papo hapo. Muziki ukaanza. Kiatu kimoja kikajizungusha chenyewe katikati ya kioo. Nyuma yake ikapita filamu ya mwanamke akishuka ngazi. Zikafuata picha sitini za viatu, kila moja safi hata matundu ya sindano yanahesabika. Lakini juu kabisa, kabla ya vyote hivyo, ilikaa picha ya Injinia mwenyewe, amekunja mikono, amepandisha kidevu, na chini yake maandishi: Mbunifu.

Mdogo wake Kanyaga alipiga makofi. Mwalimu wa hesabu alipiga makofi. Kanyaga naye alipiga, ingawa aliinama kidogo akauliza, "Shemeji, na wewe unauzwa?"

"Hiyo inampa mteja imani," Injinia akasema. "Akiona sura ya mtu, anajua hatatapeliwa."

Makofi yale yalimharibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Injinia alilitia maua. Wiki ya pili aliongeza petali zinazodondoka toka juu ya ukurasa mpaka chini, bila kuombwa na mtu.

Sasa biashara. Injinia alimfundisha Kanyaga kusoma takwimu za duka, na takwimu zilionyesha jambo la ajabu. Kila wiki watu zaidi ya mia mbili walibisha hodi. Walionunua walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa mdogo wake, mara moja kwa jina lake na mara moja kwa jina la jirani. Wiki ya maua alinunua mmoja. Alikuwa mdogo wake.

"Watu mia mbili wanafika mlangoni, wanageuka," Kanyaga alimwambia Injinia kwa simu. "Kuna mbwa?"

"Wateja wa siku hizi wana mambo, shemeji. Wanapenda kutazama tu. Vumilia. Subira huvuta heri."

Kanyaga akavumilia wiki sita. Alibadilisha rangi za ngozi, akashusha visigino, akashona ndala za maua ambazo aliona aibu hata kuziweka rafuni. Alianza kudhani kosa ni la viatu, na hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Kuna asubuhi alishika jozi mpya mkononi, akaigeuza, akaikunja soli, akatafuta ubaya wake, asiuone.

Jibu alilipata hospitalini, alikokwenda kuonyesha sikio. Kwenye benchi la kungojea aliketi karibu na muuguzi mmoja mrefu aliyekuwa kwenye mapumziko mafupi, amenyoosha miguu mbele. Jicho la Kanyaga lilikwenda chini lenyewe, kama jicho la kinyozi linavyokwenda kichwani. Namba arobaini na tano, akakadiria, tena mguu mpana. Viatu vyeupe vya muuguzi vilikuwa vimepasuka pembeni, vidole vidogo vikichungulia nje.

Kanyaga hakujitambulisha. Alitaka kuonja ladha ya kusifiwa bila kujulikana. Akasema, kama mtu anayezungumza na hewa, "Nasikia kuna fundi anauza viatu vya kike vikubwa mtandaoni."

"Yule Kanyaga?" Muuguzi akaguna. "Dada yangu, achana naye. Nimejaribu mara nne."

"Viatu vyake vibaya?"

"Nitajuaje? Sijaviona." Akatoa simu mfukoni, simu ya kawaida, wala si mbovu. "Njoo nikuonyeshe. Tazama."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Kiduara kikaanza kuzunguka. Wakakitazama wote wawili. Mgonjwa mmoja akaitwa, akainuka, akaingia chumba cha daktari. Muziki ukaanza kukoroma kwa vipande, muuguzi akaubana kwa kidole gumba. Kisha, juu kabisa ya kioo, ukajitokeza mstari wa kahawia, ukashuka kidogo, ukakoma.

"Umeona hilo?" muuguzi akauliza. "Hilo ni paji la uso la mwanamume. Kila nikifungua linanitokea hilo. Siku moja nilingoja mpaka nyusi. Kwenye pua sijawahi kufika."

Kanyaga alihisi kicheko kikimpanda toka tumboni na kilio kikishuka toka kichwani, vikakutana kooni. "Labda mtandao wa hapa," alisema kwa shida.

"Maduka mengine yanafunguka hapahapa." Akafungua jingine kumwonyesha, na viatu vikajaa kiooni kabla hajakunja kidole. "Ila hawana namba yangu. Nimeishia kununua vya kiume, vya kazi za ujenzi, vina chuma mbele. Mgonjwa akiniona naja anadhani naja kubomoa ukuta."

Akaitwa wodini. Akafunga simu, na duka la Kanyaga likafungwa pamoja nayo, paji la uso na yote. Wala hakuaga kwa masikitiko. Aliondoka tu, kama mtu anayepita dirisha lililofungwa.

Kanyaga alirudi karakana sikio likiwa halijaonwa na daktari. Alikumbuka kwamba tangu siku ya kitambaa hajawahi kulifungua duka lake mwenyewe kama mteja. Takwimu alizisoma kwenye ukurasa mwingine, na duka aliliona kwa Injinia tu. Akachukua simu yake, akaiegemeza kwenye kopo la gundi, akabonyeza, akaendelea kushona. Alipitisha shazia, akavuta uzi, akapitisha tena. Alishona mkanda mzima wa kiatu na kuukata uzi ndipo kiatu cha kwanza kikatokea kiooni.

Mtu mwingine angepiga simu kugomba. Kanyaga aliona afadhali apate mashahidi. Alivuka uwanja akaenda kwa mafundi magari watano, akawaambia ana shindano: kila mmoja afungue duka lake kwenye simu yake, anayechoka anyooshe mkono, na atakayechoka wa mwisho atawekewa soli mpya bure. Akasimama mbele yao na saa ya mumewe kama refa.

"Haya. Bonyezeni."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa kijeba mmoja waliyemwita Spana, sekunde ya nne. "Nilidhani mtandao umekufa," alisema.

Wa pili aliachia sekunde ya saba. Wa tatu ya tisa, akilalamika kwamba kuna muziki unatoka mfukoni mwa mtu. Wa nne alikwenda kumsikiliza mwenye gari, akasahau kama alikuwa mashindanoni. Aliyebaki ni fundi wa kupaka magari rangi, mtu mtaratibu, aliyekaa juu ya tairi akiitazama simu bila kupepesa. Sekunde ya arobaini na moja akasema, "Kiatu hicho. Kizuri. Kinazunguka."

Kanyaga akamshika mkono. "Mtu pekee aliyekiona kiatu changu," alimsimulia mumewe jioni hiyo, "ni mtu ambaye kazi yake ni kungoja rangi ikauke."

Mwalimu wa hesabu akapiga hesabu: wanne kati ya watano. "Kwa hiyo katika mia mbili, mia na sitini hawakuviona viatu kabisa."

"Na mimi nimeshona ndala za maua," Kanyaga akasema, na safari hii hakucheka.

Alimpigia Injinia. Injinia alisikiliza, kisha akasema kwa upole wa daktari, "Shemeji, tatizo ni simu zenu. Hapa kwangu inafunguka kabla sijamaliza kubonyeza."

"Na mafundi watano?"

"Mafundi wana grisi mikononi. Kioo hakisikii."

Mdogo wake alimwita pembeni kesho yake. "Dada, nakuomba. Ukiigusa ile tovuti, kwa yule bwana ni kama umemwambia mtoto wake ana sura mbaya. Huamka nayo, hulala nayo. Maneno hayataingia."

"Basi tusimwambie neno," Kanyaga akasema. Mdogo wake aliujua mwanga ule machoni. Aliuona mara ya mwisho siku dada yake alipomuuzia mwalimu mkuu viatu viwili vya mguu wa kushoto. "Jumapili mje kwetu mchana. Nitapika."

Injinia alikuwa na tabia moja iliyojulikana: akialikwa chakula cha mchana, hagusi kifungua kinywa. Alifika saa saba kamili, mkanda amelegeza tundu moja. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe na basi. Harufu ya nyama na vitunguu ilitoka jikoni ikamshika shati.

"Karibu, shemeji, karibu. Chakula kiko tayari," Kanyaga akasema, akaingia jikoni.

Mwalimu wa hesabu akawasha redio, akaiongeza sauti, akarudi kukaa. Dakika tano zikapita. Kumi. Injinia akajaribu kuzungumza juu ya hali ya hewa, redio ikamzidi. Kanyaga akatoka jikoni amebeba kitu kwa mikono miwili, na Injinia akajiweka sawa kitini. Kilikuwa fremu ya picha. Kanyaga mwenyewe, amekunja mikono, amepandisha kidevu. Akaisimamisha pale ambapo sahani ingekaa.

"Hii nini, shemeji?"

"Mpishi. Ili uwe na imani."

Akarudi jikoni. Mdogo wake akapita nyuma ya mumewe, na petali za maua zikaanza kumdondokea Injinia kichwani, moja moja, bila haraka. Akazipangusa. Zikaja nyingine. Mwalimu wa hesabu akainuka, akaleta kijiko, akakiweka, akakaa. Baada ya muda akainuka tena akaleta chumvi. Kanyaga akatoka na sahani tupu, akaizungusha taratibu mbele ya macho ya shemeji yake, aione mbele na nyuma, akaondoka nayo.

"Chakula kipo au hakipo?" Injinia akauliza. Sauti ilikuwa imekauka.

"Kipo, kinakuja," Kanyaga akajibu toka jikoni. "Subira huvuta heri."

Dakika nane nyingine. Injinia akasukuma kiti nyuma, akasimama, petali mbili begani. "Natoka kidogo hapo dukani."

"Kufuata nini, shemeji?"

"Mkate."

"Ukaache chakula kilichoiva?"

"Shemeji, kimeiva mimi nitajuaje? Tangu nifike hapa nilichokiona ni sura yako tu!"

Mwalimu akanyoosha mkono, akazima redio. Hakuna aliyecheka, mdogo wake Kanyaga alikuwa ameuma kitambaa cha meza. Injinia alibaki amesimama, mkono kwenye kiti. Aliitazama ile picha kwenye fremu, mikono iliyokunjwa, kidevu kilichopanda. Mabadiliko yalianzia kwenye paji lake la uso, yakashuka kwenye nyusi, yakachukua muda kufika mdomoni.

Kanyaga alikuwa tayari ameshika bakuli la wali na la nyama, moto, anakuja nayo mezani. Alikuwa amepanga hapo ndipo wote wacheke. Injinia hakucheka. Alisema, "Nimeelewa," akatoka. Kupitia dirishani walimwona akinunua mkate kweli, akaula amesimama kwenye kizingiti cha duka, akaelekea kwao kwa miguu bila kumngoja mkewe.

Chakula kilikuwa kizuri na hakikuwa na mlaji. Kanyaga alichezea kijiko. "Nilizidisha?" akamuuliza mumewe.

"Fremu ilitosha," mwalimu akasema. "Maua yalikuwa ya ziada."

Kanyaga alifunga chakula kwenye bakuli lenye kifuniko akampa mdogo wake ampelekee. Bakuli lilirudi siku ya pili, limeoshwa, bila salamu. Hapo ndipo Kanyaga alipojua amemuumiza mtu, kwa sababu Injinia hajawahi kurudisha kitu bila hotuba. Alikaa karakana akigonga misumari bila furaha. Alishaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha, na hayo hakuwa nayo mengi. Maisha yake yote mzaha ndio uliokuwa mlango wake wa kuingilia na wa kutokea.

Jumatano, kabla ya saa sita, kivuli kikasimama mlangoni. Injinia alikuwa na kompyuta kwapani na kalamu moja tu mfukoni. Aliketi kwenye kiti cha kupimia wateja.

"Jana nilichukua simu ya mdogo wako," alisema akitazama sakafu, "nikaenda nayo benki, nikasimama foleni, nikafungua. Watu wawili walihudumiwa mbele yangu. Nikajiona natokea." Akajigusa paji la uso. "Mpaka nyusi."

"Wengi hawafiki huko," Kanyaga akasema.

Bega la Injinia likatikisika. Kanyaga hakujua kama analia au vipi, mpaka sauti ilipotoka, naye akaachia, wakacheka wote wawili mpaka Spana akaja kuchungulia.

"Nisamehe, shemeji," Kanyaga alisema akijifuta macho kwa mkono wenye gundi. "Yale maua sikupaswa."

"Maua si neno. Ile sahani tupu ndiyo iliyonivunja."

Alifungua kompyuta kati ya vipande vya ngozi, akaeleza mambo aliyoyagundua siku mbili alizokuwa kimya. Kompyuta yake ilikuwa imehifadhi picha na filamu zote tangu siku anazitengeneza, kwa hiyo kwake hazikuja toka mbali. Zilikuwa zimelala humohumo. Mteja alizivuta zote upya, tena kwa simu. Na zile picha sitini alikuwa ameziweka kama zilivyotoka kwenye kamera, ukubwa wa kubandika ukutani, wakati mteja anazitazama kwenye kiganja.

"Kumbe ulinivalishia mteja buti la soli tatu," Kanyaga akasema, "halafu ukamwambia akimbie."

"Sasa tulivue," Injinia akajibu.

Muziki ulitoka kwanza, hakuna aliyeulilia. Petali zikafuata. Filamu ya mwanamke wa ngazini ikaondoka. Kiatu kinachozunguka kilimtoa Injinia pumzi ndefu, alikuwa amekitengeneza siku tisa, lakini kilikwenda. Picha zikapunguzwa uzito moja moja mpaka zikawa nyepesi na bado matundu ya sindano yanaonekana kwa anayetaka kuyaona. Wakaamua pia viatu sita tu vije kwanza, vingine vije mteja akishuka chini kuvitafuta. Mwisho ikabaki picha ya Mbunifu.

"Si lazima iondoke kabisa," Injinia akasema, akijifanya kutafuta kalamu.

Wakajadiliana kama watu wanaogawa shamba. Iliamuliwa ihamie ukurasa wa nyuma kabisa, wenye historia ya karakana, iwe ndogo kama stempu. Mpaka leo mtu mmoja tu anajulikana kuwa huenda kule kuitazama, na ni mama yake Injinia.

Kanyaga aliwaita tena mafundi magari. Safari hii hakufika hata kusema moja mpaka tatu. Viatu vilikuwa vimeshatokea kwenye simu zote tano, na Spana akauliza kama hivyo vyeusi vipo vya kumtosha mama yake. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza siku ile. Mpaka jioni walikuwa watano. Wiki ilipokwisha waliokuja kutazama ni walewale mia mbili na kidogo, lakini walionunua walikuwa ishirini na watatu, na mdogo wake Kanyaga hakuwemo, kwa kuwa alikuwa ameishiwa mahali pa kuweka viatu.

Katika ishirini na watatu hao alikuwemo mtu aliyeagiza jozi mbili nyeupe, namba arobaini na tano, pana, za kusimamia kazi. Aliandika ujumbe chini yake: "Leo nimefika mpaka kwenye viatu. Yule baba yuko wapi?"

Kanyaga akajibu, "Amehamia chumba cha nyuma."

Kazi ikawa nyingi kuliko mikono. Ilibidi atafute fundi wa pili, mwanamke aliyekuwa akikata ngozi kwenye kiwanda cha mabegi, mwepesi wa kisu na mzito wa maneno, akawekewa meza upande wa dirishani. Hata hivyo viatu vya kupimwa vilichukua siku kumi na mbili, na Kanyaga aliandika hivyo waziwazi dukani, akitegemea watu watakimbia. Wachache walikimbia. Waliobaki walingoja bila maneno. Alimuuliza yule muuguzi sababu, siku alipokuja mwenyewe kuchukua viatu vyake na kugundua aliyekuwa akizungumza naye kwenye benchi ni nani.

"Kiatu chenye namba yangu nitakingoja hata mwezi," muuguzi alisema, akijitazama miguu kwenye kioo kilichoegemezwa ukutani. "Nimekingoja tangu nina miaka kumi na minne. Ila usinifanye nikingojee mlango."

Habari za duka lile zilitembea. Mwezi wa tatu alikuja karakana muuza samani mmoja, mtu mnene mwenye haraka, akimtafuta aliyelitengeneza. Injinia alikuwepo, amekuja kuongeza namba arobaini na saba. Akasimama, akavuta shati, kalamu zikiwa zimesharudi kuwa tatu.

"Mimi nataka muziki," muuza samani akasema. "Na kitanda kiwe kinazunguka."

"Hapana, mzee," Injinia akamjibu. Akavuta kiti, akamkalisha, akakunja mikono. "Kaa nikueleze. Mteja hana subira ya kungoja. Ukimchelewesha sekunde nne umempoteza, na anaondoka hajui hata unauza nini. Hili jambo nimelifanyia utafiti mwenyewe. Nililala njaa kwa ajili yake."

Yule fundi wa pili alimtazama Kanyaga, kwa kuwa hadithi ya Jumapili ile alishaisikia zaidi ya mara moja. Kanyaga aliinamisha kichwa, akatia uzi kwenye tundu la sindano, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na saba aliona neno tamu la mzaha limekaa kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.